Kidonge Hakijui Mbalamwezi

Swali la kwanza mtakaloulizwa, hasa nyinyi vijana wa kiume mliopokea begi langu, ni hili: "Wewe umezaa lini?" Litatoka mlangoni kabla hamjakaribishwa, kwa mama mwenye tumbo la miezi saba na mkono mmoja kiunoni. Msikasirike. Mimi nimeulizwa Kibirizi, nimeulizwa Katubuka, nimeulizwa Ujiji kwa Kiswahili na vijijini kwa Kiha, na siku moja niliulizwa na mtoto wa darasa la pili, aliyetumwa na mama yake aliyekuwa amejificha uvunguni.

Jibu langu lilikuwa moja siku zote. "Sijazaa, mama, lakini nimelea." Wengi hucheka, na mtu akishacheka hawezi tena kufunga mlango vizuri.

Ni kweli nimelea. Wazazi wetu walitutoka tukiwa wanne, mimi mkubwa, na Zawadi, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa bado anatambaa. Niliacha shule darasa la sita nikaenda kubeba dagaa ufukweni. Miaka mingi baadaye mtaa uliitisha mkutano wa kuchagua wahudumu wa afya wa jamii, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Wanaume wote walisema wao habari za mimba hawaziwezi. Mwenyekiti akaniangalia. "Sadiki amewasuka nywele wadogo zake," akasema. "Huyu haoni haya." Mkutano mzima ukaangua kicheko, na kwa kicheko hicho nikapata kazi niliyoifanya mpaka juzi magoti yalipogoma. Yule mwanamke tuliyechaguliwa naye aliolewa Uvinza kabla hata ya kupewa begi. Nikabaki peke yangu na wajawazito wote wa ufukwe.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Atupele, muuguzi wa zahanati yetu, mtu wa Mbeya. Alipangiwa Kigoma akiwa binti mwembamba, akasema atakaa kidogo tu aombe uhamisho. Mawese yakamkamata. Hajahama mpaka leo, na mwembamba si mwembamba tena.

"Sadiki," aliniambia siku ya kwanza, "mama mjamzito hatakuambia amepungukiwa damu. Atakuambia amechoka. Atakuambia kilima kimerefuka. Atakuambia jua la siku hizi ni kali. Wewe sikiliza kilima, halafu angalia kope."

Akanionyesha. Unamwomba ruhusa, unavuta kope la chini taratibu, unatazama nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, vizuri. Ikiwa imefifia, mpeleke zahanati haraka. Utazame na viganja na ulimi. Siku hizo ndivyo tulivyoanza. Baadaye Sista akaletewa karatasi ya kudondoshea tone la damu, unalinganisha na rangi zilizochorwa pembeni. Siku hizi kuna kimashine cha kushika mkononi, unamchoma mama kidole, namba inatokea. Kimashine ni kizuri, sikatai. Ila kuna siku betri imekwisha, na kope halina betri.

Sasa mimi nilikuwa mtu wa samaki. Samaki akilala bila kuuzwa, mashavu yake yanapauka, kila mtu ufukweni anajua. Kwa hiyo nyumba ya kwanza kabisa niliyoingia peke yangu nilivuta kope la mama mmoja, nikaona hali si nzuri, nikatafuta maneno ya kumwelewesha, nikasema, "Mama, mashavu ya mgebuka yakiwa hivi, wewe mwenyewe usingenunua."

Alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Yote, pamoja na sufuria.

"Mimi ni mgebuka aliyelala?" akapiga kelele. "Njooni mumsikie huyu! Amekuja kuninusa!"

Sista Atupele alicheka wiki nzima. Lakini angalieni: yule mama alikwenda zahanati kesho yake. Alikwenda kunishtaki, na alipokuwa anashtaki Sista akampima. Kwa hiyo mfano wangu ulifanya kazi, ingawa siwashauri muutumie.

Somo lingine lilinijia likiwa na kasia. Nilikuwa nimempelekea mama mmoja vidonge vya kuongeza damu kutoka kwa Sista, nikamweleza vizuri: kimoja kila siku, kama vinakuchefua tumbo kunywa jioni baada ya kula kidogo. Nikasahau neno moja. Baada ya siku chache mumewe, mvuvi mkubwa wa mabega, akanifuata hadi nyumbani asubuhi, kasia begani.

"Sadiki! Umempa mke wangu nini?"

"Kwani kafanyaje?"

"Choo chake cheusi kama lami! Unamuua mke wangu!"

Nilirudi nyuma mpaka nikagusa mlango. Nikauliza tu lililonijia. "Na wewe umejuaje?"

Akasimama. Kasia likashuka kidogo. Akatazama huku na huku, majirani walikuwa wameshatoka.

"Aliniita nikaangalie," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi wewe ni mume mwema," nikamwambia. "Ndivyo dawa ilivyo. Ile rangi ni ya dawa tu, haina ubaya."

Majirani wakamsifu kwa kweli. Akaondoka na kasia lake akiwa ameinamisha kichwa, na kuanzia siku hiyo kijiwe chote walimwita Mkaguzi. Nyinyi lisemeni neno hilo mapema, mkiwa bado mmekaa kitini: choo kitakuwa cheusi. Lisemeni na kwa mume.

Na jina mtapewa, mtake msitake. Mimi kwa sababu ya habari za damu kila siku, watoto wa Kibirizi waliniita Bwana Damu. Kwetu lilikuwa jina la utani tu. Ila kuna siku Sista alinituma kijiji kimoja cha juu ya ziwa, kule kunakofikika kwa mtumbwi, nikapeleke taarifa ya kliniki ya mkoba. Nilifuatana na watoto wawili wa shangazi yangu waliokuwa wanarudi kwao. Mtumbwi haujagusa mchanga, wao wameshashuka wanakimbia: "Bwana Damu kaja! Bwana Damu kaja!"

Bibi mmoja akasikia. Mnajua habari za mumiani, hao watu wanaosemwa wananyonya damu. Bibi alitupa ungo wake, akapiga yowe, na kabla sijavaa viatu kijiji kizima kilikuwa kinapanda mlima. Nilisikia migomba inavunjika. Nikabaki mimi, kuku, na chungu cha maharage jikoni kwa mtu, kinachemka na moto mkali. Nikaita kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye! Mwakeye jamani!" Hakuna aliyeitika.

Ningefanyaje? Maharage yalianza kunusa kuungua. Nikaingia, nikapunguza kuni, nikaongeza maji, nikachukua mwiko nikakoroga. Waliponyatia kurudi, wanaume mbele na mapanga, walinikuta nimechuchumaa naonja chumvi.

Wakatazamana. Yule bibi akapenya katikati yao, akanitazama, akatazama chungu.

"Mumiani hapiki maharage," akaamua.

Tulikula wote. Niliwaambia maharage hayo hayo, na majani ya kijani, na dagaa wanaowauza wote wasibakize hata wa kuonja, vina nguvu ya damu kwa mjamzito. Sijapata kusikilizwa vile tena. Kwa hiyo mkifika mahali wanawaogopa, tafuteni jiko.

Nimezunguka sana. Nilichotaka kuwaeleza hasa ni habari ya mdogo wangu Zawadi, maana kazi yote niliyoijua niliijua upya kwake.

Zawadi aliolewa Kibirizi na Rashidi, mvuvi wa dagaa, kijana mpole ambaye mambo humfikia baadaye kidogo. Mtoto wa kwanza walimpata kwa shida. Damu ilimwagika mpaka wakunga wakaanza kusemezana kwa sauti za chini, na mtu aliyesubiri nje anaelewa maana ya sauti za chini. Alipona, lakini alikaa mwaka mzima hajarudi kuwa yule Zawadi ninayemjua, mwenye mdomo.

Mtoto akiwa na miaka miwili hivi, Rashidi alikuja kwangu kuazima mtego wa panya.

"Shemeji, panya wa kwetu wamegeuka," akasema. "Hawataki unga. Wanakula ukuta."

"Ukuta?"

"Ukuta, shemeji. Nimewawekea dagaa, hawagusi. Wanataka ukuta tu."

Nikaenda kuona. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, imekandikwa kwa udongo. Rashidi akanipeleka chumbani, akanyoosha kidole kwa uchungu. Kando ya kitanda palikuwa na shimo la ukubwa wa sahani. Nikalitazama. Panya huanzia chini. Shimo hili lilikuwa juu kidogo ya mto wa kulalia. Panya huacha meno. Shimo hili lilikwanguliwa kwa kucha, kingo zake laini kabisa. Nikageuka kumtazama Zawadi. Zawadi alikuwa anatazama paa.

Nyinyi mnajua, mjamzito akianza kutamani udongo, uwe pemba za sokoni au ukuta wa nyumba, mara nyingi damu yake imeshuka. Nami nilijua. Lakini kuna jambo hamjaliona kazini bado: nilikuwa nimeongea habari za mimba na wake za watu wote wa ufukwe, na kwa dada yangu mwenyewe ulimi ulikufa. Kwetu kaka haulizi tumbo la dada yake. Na mimi kwake nilikuwa kaka, baba, na kidogo mama. Nikakaa kwenye kigoda.

"Zawadi," nikasema, "huyo panya ana muda gani?"

Akainama. "Miezi mitatu, Kaka."

"Ameshakwenda kliniki?"

"Bado. Anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Anaogopa yaliyompata mara ya kwanza."

Rashidi alikuwa anatutazama kwa zamu, mtego mkononi. "Panya gani anakwenda kliniki?" akauliza.

Tulimwacha afike mwenyewe. Alifika. Akaweka mtego chini polepole, akakaa kitandani, na machozi yakaanza kumtoka, ya furaha na ya woga kwa pamoja, maana na yeye siku ile alikuwa nje anasikiliza zile sauti za chini.

Sista Atupele alimpima, akampa vidonge, akampima na malaria, akasema dawa ya minyoo ataipata wakati wake ukifika. Halafu akaniita nyuma ya zahanati. Hakucheka.

"Nakwambia wewe kwa sababu ni mfanyakazi mwenzangu," akasema. "Damu ya mdogo wako iko chini sana. Aliyemwaga damu mara ya kwanza anaweza kumwaga tena. Mwenye akiba akimwaga, tunahangaika naye anapona. Huyu akifika siku ile akiwa hivi, hana cha kumwaga. Tuna miezi sita. Ijaze."

Mkwe wa Zawadi, Mama Rashidi, alikuwa na maoni yake. Nilimkuta barazani na birika. Mama Rashidi alikuwa na birika muda wote. Chai ya rangi, imekolea hadi inafanana na lami ya kupaka mtumbwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemletea mkwe wangu vidonge vya kukuza mtoto."

"Vya kuongeza damu, mama."

"Damu inakwenda kwa nani? Si kwa mtoto? Mtoto akiwa kama tembo nani atamtoa? Wewe, Sadiki?"

"Mama, havimnenepeshi mtoto."

"Haya. Na kwa nini umemkataza chai? Kidonge bila chai kinashukaje, kwa ngazi?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa, kwamba chai na kahawa huzuia dawa kufanya kazi; anywe kidonge kwa maji, akipata chungwa au ndimu ni bora zaidi, na chai ingoje mpaka baadaye. Aliniona mtu aliyeingilia ndoa yake na birika. Nikapata akili. "Mama," nikasema, "hapa hakuna anayejua kuchagua ndimu kama wewe. Ningeomba kazi ya ndimu uishike wewe." Akajitengeneza kanga. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyethubutu kugusa ndimu za nyumba ile. Wanangu, mtu asiyekubali dawa, mpe cheo.

Zawadi alikuwa anakwenda kliniki na mimi narudi kwa Sista kusikia. Mara ya kwanza damu ilikuwa imepanda kidogo, tukafurahi. Mara ya pili imeshuka. Mara ya tatu imepanda, kisha ikashuka tena. Sista akagonga kimashine mezani.

"Mdogo wako hanywi."

"Anasema anakunywa."

"Anadanganya."

"Zawadi hadanganyi, Sista. Utotoni akiiba sukari alikuwa anakuja kuniambia, midomo bado inang'aa."

"Basi damu inakwenda wapi?" Akanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Miezi ilikuwa imebaki mitatu.

Nilikwenda Kibirizi bila kupiga simu. Ilikuwa siku za mbalamwezi. Kwa wageni nieleze: dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina kazi, samaki wanatawanyika. Kwa hiyo ufukwe wote hufuata mwezi. Siku za giza hakuna anayelala, wanaume ziwani, wanawake vichanjani wanaanika. Siku za mbalamwezi mitumbwi inavutwa juu, nyavu zinashonwa, ndoa zinafungwa, ugomvi ulioahirishwa unapiganwa. Taa hufutwa, hufungwa kwenye nguo, hupandishwa darini mpaka giza lirudi.

Nilimkuta Zawadi amelala mkekani, viganja vyeupe. Rashidi alikuwa juu ya ngazi anaweka betri za taa vizuri darini. Akavuta kifurushi, na pamoja na taa kikaanguka kikopo, kikabingirika hadi miguuni pangu. Kikapiga kelele ya vidonge.

Nikakiokota. "Hivi vinafanya nini na taa?"

"Si tumepumzika, Kaka," Zawadi akasema, bila wasiwasi wowote.

"Nani amepumzika?"

"Sote. Kazi haipo. Sista alisema ni vya kunipa nguvu. Sasa nguvu ya nini, nimelala? Nimeviweka visiishe bure. Giza likirudi nitakunywa kila siku, bila kukosa, kama ninavyokunywa siku zote."

Hakuwa amedanganya hata neno moja. Kibirizi, "kila siku" ni siku za kazi. Hakuna kitu ufukweni kinachofanyika mbalamwezi na giza sawasawa. Nami nilizaliwa hapo, nimebeba dagaa hapo, na miaka yote hiyo nikiingia nyumbani kwa watu sikuwahi kuuliza.

Nilimweleza Sista. Mwanzoni hakuelewa. "Dawa imepandishwa darini na taa?" Alicheka hadi akakaa juu ya mizani ya kupimia akina mama, mizani ikalia. "Sadiki, kwetu Mbeya migomba haina likizo! Ningejuaje?" Halafu kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa kisu.

"Wengine je?"

Siku ile ile tulipita nyumba kwa nyumba. Tulikuwa tunauliza tu, "Taa ziko wapi?" Darini. "Na vidonge?" Darini. Nyumba moja mama alikuwa amevifunga ndani ya kitambaa kimoja na taa, kwa heshima kabisa, na kuvikung'uta vumbi kila asubuhi. Sista alikuwa amechoka, hacheki tena, jasho linamtoka. "Ndaga," alikuwa akisema kila mlango, asante ya kwao, na anayemshukuru simjui.

Sasa shida: utamwambiaje mtu wa ufukwe afanye kitu siku za mbalamwezi? Kumwambia haitoshi. Zawadi alikubali mbele yangu, na kesho yake akasahau kwa moyo safi. Nikamshauri atege saa ya simu imkumbushe. Simu ilikuwa na Rashidi, na Rashidi alikuwa na wenzake. Nikakaa barazani nimeshika kichwa. Bata wakaja. Mama Rashidi alifuga bata saba wakorofi, jua likielekea kuzama lazima wajipange mlangoni wadai pumba, na wasipopewa wanaingia ndani, wanapanda kitandani.

"Hawa nao," Zawadi akalalamika akiinuka kwa shida, "mbalamwezi wao hawaijui!"

Nilisimama kama aliyeumwa na siafu. Nikachukua kikopo cha vidonge, nikakifunga kwa kamba kwenye ndoo ya pumba. Ukishika ndoo, umeshika dawa. Na ndoo asiposhika, bata watamfuata hadi chooni.

Ilifanya kazi. Wale bata walikuwa wasimamizi wakali kuliko mimi na Sista tukichanganywa. Ila jioni moja Zawadi aliangusha kidonge, na bata dume? La, bata jike, yule mweupe, akakimeza kabla hakijatulia. Mama Rashidi akapiga kelele. Akamfungia bata kwenye tenga. Akakaa naye siku tatu, birika kando, akimtazama. Nilipofika aliniita kwa kidole.

"Huyu amemeza dawa yako."

"Nimesikia, mama. Pole yake."

"Ametaga." Akafungua kiganja. Yai. Akaligeuza huku na huku. "La kawaida."

"Ndiyo, mama."

"Si kubwa hata kidogo."

"Hapana, mama."

Akatafakari. "Basi mwache mkwe wangu anywe." Na tangu hapo neno la mtoto kuwa tembo hakulisema tena, aliwaonyesha wanawake wenzake yai. Sista alisema hiyo si sayansi. Nikamjibu aende yeye akamwambie Mama Rashidi. Hakwenda. Lakini shikeni hili: bata kumeza ni kichekesho, mtoto mdogo akivimeza ni msiba. Kikopo kifungwe vizuri, kitundikwe juu.

Damu ilipanda. Mbalamwezi ikaja ikapita, haikushuka. Mwezi wa tisa Sista alisoma kimashine mara mbili, hakunionyesha meno. "Imefika pazuri," akasema. "Lakini hajifungulii hapa. Hospitali kubwa mjini, na ndugu wa kumtolea damu wakae tayari. Kujaza akiba hakuzuii mtungi kuvuja."

Uchungu ulimshika asubuhi. Tukampakia kwenye bajaji na mkwe wake, na nyuma yetu wakaja wavuvi wote wa mtumbwi wa Rashidi kwa bodaboda, wamevaa mashati ya sikukuu kwa ajili ya kutoa damu. Nahodha wao, mtu anayevuta nyavu peke yake, alipoona sindano ya kumpima aliomba kwenda kuegesha pikipiki. Hakuwa na pikipiki. Walimrudisha wenzake.

"Nahodha, ni tone tu!"

"Nimeona tone. Mbona sindano si ya tone?"

Tukakaa kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimewaambia mamia ya waume, "Tulia, bwana, mke wako yuko kwenye mikono salama." Sasa nikagundua ni maneno ya kijinga kiasi gani. Rashidi alikuwa ananishika mkono, nami namshika. Ndani wakaanza kutembea haraka. Mlango ukafunguliwa ukafungwa. Mtoto akalia, tukaruka wote. Halafu hakuna aliyetoka. Nikasikia sauti za chini.

Nahodha akakunja mkono wa shati lake mwenyewe, akanyoosha mkono, akafumba macho. Hakuna aliyemwambia.

Muda ukapita, sijui kiasi gani. Daktari akatoka, kijana mdogo, aproni imelowa. Tukasimama.

"Imemwagika nyingi," akasema. "Tumeizuia. Amechoka, lakini amehimili. Angekuja na damu ndogo tungekuwa tunazungumza mengine."

Rashidi aliuliza, "Mengine gani?" Nikamziba mdomo kwa kiganja.

Hawakuturuhusu kuingia wanaume. Tukabaki kwenye korido, Mama Rashidi akaingia peke yake. Nikaegemeza kichwa ukutani, na hapo, kupitia mlango uliofungwa, ikaja sauti.

"Mama, nimesema nipe mwanangu! Hapana, si hivyo, kichwa unakishikaje? Na hiyo chupa ni ya nini? Chai? Nani kaniletea chai hapa? Na Rashidi yuko wapi, mtoto mkubwa kaachiwa nani? Bata wamekula?"

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia, kofia yake imekwenda upande.

"Nani kaka yake huyu?"

"Mimi."

"Tafadhali mwambie dada yako apunguze sauti. Wodi nzima inamsikia."

Nilijaribu kumjibu kama mfanyakazi wa afya. Ikashindikana. Nikajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwache, Sista," nikasema. "Mwache apige kelele."